Maziwa ya Namba Thelathini na Moja

Ndugu, majirani, na wote mlioacha kazi zenu asubuhi hii kuja kumsindikiza, habari za kuzaliwa na utoto wa marehemu familia ilizipata kwa dada yake mkubwa, aliyezisimulia mwaka 1998 akiwa bado na kumbukumbu kali kama wembe. Habari ya maziwa, ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu na kila mtu akaitia chumvi yake, aliyeisimulia mara ya kwanza ni marehemu mwenyewe, tarehe 9 Februari 2005, saa kumi alasiri, chumbani kwa jirani yake fundi cherehani, mbele ya watu wawili na kichanga mmoja, na itasomwa hapa kama alivyoisema siku ile, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza isomwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1952, mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake akiwa tarishi wa posta na mama yake akifua nguo za watu. Dada mkubwa alisema mtoto huyo alizaliwa amekunja ngumi ya mkono wa kulia na haikufunguka mpaka siku ya tatu, mkunga akatania kwamba huyu amekuja na kitu chake na hataki kukionyesha, na kwa kweli marehemu alikuwa mtu wa kufumba mkono, ukimpa siri umeitia kisimani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960 na kumaliza la saba mwaka 1966, akisifiwa kwa hesabu, maana alikuwa akijumlisha safu nzima ya tarakimu kwa macho kabla mwalimu hajashika chaki. Hakuendelea na sekondari, kwa kuwa nafasi ilikuwa moja ikaenda kwa kaka yake, jambo ambalo hakulilalamikia hata siku moja, ila kila kaka alipokosea hesabu yoyote nyumbani alimwambia, "Si mngenipeleka mimi," akacheka, na kaka mtu naye akacheka, kwa shida kidogo.

Tarehe 3 Agosti 1970, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, aliajiriwa katika ghala la nafaka, kazi yake ikiwa kushona midomo ya magunia yaliyokwisha kupimwa, na kwa kuwa ile sindano kubwa ya kushonea magunia, yaani shazia, alikuwa akiichomeka kwenye kilemba chake kila anapopumzika, wapagazi walimwita Shazia, jina likamkaa hata siku ya mshahara akawa anaitwa kwa jina hilo. Mshono wake ulikuwa michomo kumi na miwili ya sindano na masikio mawili ya kubebea, na kwa miaka thelathini na saba aliyofanya kazi hakuna gunia lake lililofumuka njiani.

Katika ghala hilo, kila Jumamosi baada ya kazi, magunia yalinyunyiziwa unga mweupe wa kuua fukusi, na unga huo haukuwa na jina jingine zaidi ya dawa. Ulinyunyizwa kwa kopo tupu la maziwa lililotobolewa matundu kwa msumari, bila glavu wala kitambaa puani, na msimamizi, kwa wema wake, aliwapa wafanyakazi kiganja kimoja kimoja wakaue kunguni vitandani na chawa vichwani mwa watoto, na magunia yaliyochanika aliwaachia wakatandike. Marehemu alitandika magunia hayo na kulala juu yake miaka mingi, na alikuwa akisema nyumba yake haikujua kunguni, na alisema kwa kujivuna.

Mwezi Machi 1973 alikuja ghalani fundi wa mizani, kijana mpole mwenye boksi la spana, na kwa kuwa alikuwa amesahau mawe yake ya kupimia, akamwomba Shazia apande yeye kwenye mizani, akasoma kilo hamsini na mbili. Shazia akamwambia kliniki juzi walimpima hamsini na nne, kwa hiyo ama amekonda kwa siku mbili ama mizani hii inaiba, na fundi alipofungua chuma akakuta kweli inaiba. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, kutengeneza mizani ambayo haikuwa mbovu, mpaka wapagazi wakamuuliza kama anatafuta posa au anatafuta nati. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 1974, wakahamia vyumba viwili vya kupanga vilivyogawana ukuta na chumba cha fundi cherehani, mwanamke aliyemzidi marehemu miaka minane, mwenye mdomo mwepesi, aliyeukaribisha ujirani siku ya kwanza kwa kusema, "Karibu mshonaji mwenzangu, ila tusigombee wateja, wewe shona magunia, mimi nashona watu."

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, ambaye nyumbani anaitwa Kifungua kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alizaliwa tarehe 30 Januari 1976. Mwezi Aprili mwaka huo alipita kliniki mtafiti mmoja wa kike, wanawake wakamwita Mama Vichupa, maana alitembea na sanduku la vichupa vya kioo cha kahawia, akiwaomba kina mama wanyonyeshao wamkamulie maziwa kidogo akayapime, na kichupa cha marehemu kiliandikwa namba 31.

Majibu yalikuja siku ya Alhamisi, tarehe 23 Septemba 1976. Mama Vichupa alikuwa amechoka, amepita kliniki tatu tangu alfajiri, akawasomea kina mama namba zao kwa haraka, na alipofika kwa marehemu akasimama kidogo, akavua miwani, akasema, "Namba thelathini na moja, maziwa yako yana dawa nyingi kuliko ya wenzako wote." Kisha akaongeza, "Lakini endelea kunyonyesha, usiache, mtoto hana chakula kizuri kuliko hicho," akaendelea na namba thelathini na mbili.

Sasa, ndugu waombolezaji, lugha yetu ina neno moja kwa kinachoponya homa na kinachoua fukusi, na mtafiti alikuwa akisema la fukusi, na marehemu akasikia la homa. Ni nani angemlaumu, mwanamke wa miaka ishirini na minne, ameambiwa mbele ya wenzake kwamba maziwa yake yana dawa nyingi kuliko ya wote, na ameambiwa na msomi, na ameambiwa asiache? Alirudi nyumbani kichwa juu, akamweleza mume wake, mume akamweleza jirani, na kabla jua halijazama uwanja mzima ulikuwa ukimwita Duka la Dawa. Mtoto akiumwa macho, analetwa, anakamuliwa tone moja kila jicho, na fundi wa mizani akawa anakaa mlangoni anauliza wateja kama wamekuja na cheti cha daktari.

Wakati huohuo, nyuma ya ukuta, fundi cherehani alikuwa na mtoto wa wiki tatu anayekufa. Alikuwa amekwisha kuzika wawili kabla ya huyo, na huyu wa kike alizaliwa tarehe 2 Septemba kabla ya siku zake, kilo moja na gramu mia tisa, wakamwita Nusu, na mama mtu akashikwa na homa kali ya uzazi, maziwa yakakatika. Mtoto alipewa maziwa ya kopo kwa chupa, maji yenyewe ya bomba la uwanjani, akaharisha, akarudi mpaka kilo moja na gramu mia sita, na sauti ya kulia ikawa kama ya paka aliyefungiwa mbali. Siku ya pili baada ya majibu marehemu alibisha hodi kwa jirani, akaingia, akasema, "Shoga yangu, nipe huyo mtoto. Mimi nina dawa," akakaa kwenye kiti cha cherehani, akamnyonyesha Nusu titi la kushoto na Kifungua la kulia, na Kifungua, aliyekuwa na miezi minane na meno mawili, alimpiga mgeni kofi la kichwa kudai mali yake.

Alimnyonyesha Nusu miezi kumi na mmoja, mpaka Agosti 1977, kabla ya kwenda kazini, mchana akikimbia nyumbani, na jioni akirudi, na Nusu akapona, akanenepa, akarefuka, na leo ukimtafuta Nusu katika mkutano huu, tazama yule anayewazidi wanaume kimo. Marehemu alijaliwa watoto wengine wawili, wa kike tarehe 8 Oktoba 1979 na wa kiume tarehe 19 Juni 1983.

Tarehe 17 Mei 1985 msimamizi mpya wa ghala alibandika tangazo mlangoni, lenye picha ya fuvu, kwamba dawa ya unga imepigwa marufuku, na karani akawasomea wafanyakazi kwa sauti, kwamba hukaa mwilini miaka mingi, hujificha katika mafuta ya mwili, na kwa mwanamke hutoka katika maziwa. Marehemu akauliza, "Dawa gani hiyo?" Karani akamjibu, "Si hii hii ya Jumamosi, mama, kuna nyingine?" Wafanyakazi wenzake wanakumbuka kwamba alikaa chini juu ya mizani, mshale ukapanda ukatulia, na alikaa hapo muda mrefu hata wakadhani anataka kupimwa.

Jioni ile aliyachoma magunia ya kitandani nyuma ya nyumba, akamwambia mume wake yana kunguni, neno ambalo lilimshangaza mume, lakini hakuuliza. Mwaka uliofuata alimuuliza daktari wa kliniki kama mtu anayetoa mfano tu, akaambiwa kwamba mama akinyonyesha huupunguza mzigo wa dawa mwilini mwake kidogo kidogo, na wanaonyonya mwanzo ndio wanaobeba zaidi, na alipouliza kama watoto hao watadhurika, daktari akamwambia kwa ukweli kwamba wataalamu bado wanachunguza, akamuuliza, "Kwani wanaumwa?" Akajibu hapana. "Basi usijitafutie ugonjwa, mama."

Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hiyo ilimtia ufa. Kifungua alikuwa wake, kama ni dhambi ni ya nyumbani, ila Nusu alikuwa mtoto pekee wa mwenzake, kakabidhiwa kwa mikono miwili, naye akamnywesha unga wa fukusi huku akishukuriwa. Akafumba mkono miaka kumi na tisa na miezi tisa. Mtu akimwita Duka la Dawa aliitika kwa kutazama chini, Nusu akikohoa yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusimama, na kila tarehe 2 Septemba alimpeleka ghalani akampandisha kwenye mizani na kuandika uzito wake katika daftari, ambalo familia imelikuta sandukuni, lenye mistari mitano ya namba na ya sita ikiwa na maneno tu, kwa sababu alipofikisha miaka kumi na minne Nusu aligoma kupanda, akasema, "Mama Shazia, mimi si gunia," na marehemu akaandika, "Amekataa. Ana nguvu za kukataa."

Nusu alisomea ufundi umeme, akaolewa, akajifungua mtoto wa kike tarehe 20 Desemba 2004, na mapema Februari kliniki ikaanza utafiti wa pili. Alasiri ya tarehe 9 aliingia chumbani kwa mama yake, mtoto mgongoni, akamkuta marehemu amekaa penye meza ya kukatia vitambaa, akasema, "Mama Shazia, leo na mimi nimekamuliwa! Wamenipa kichupa, eti wanapima kemikali. Nikawaambia wasisahau kupima na dawa, mimi nimerithi duka zima." Fundi cherehani alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni, lakini marehemu hakucheka, akasema, "Nusu, mpe mama yako mtoto. Kaa chini." Akawaeleza yote, kichupa, namba, tangazo la fuvu, daktari, daftari, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma mizani kwa niaba ya mwingine.

Wa kwanza kusema alikuwa Nusu. "Kwa hiyo dawa yenyewe ni ile ya kunguni?"

"Ile ile, mwanangu."

Fundi cherehani alikunja kitambaa alichokuwa akikata, akakikunja tena, kisha akasema, "Nenda kwako, Mama Kifungua," jina la heshima ambalo hakuwahi kumwita, maana kwa miaka thelathini na ushei alimwita shoga.

Siku nne cherehani haikusikika nyuma ya ukuta. Siku ya pili Nusu alikuja peke yake na mtoto, akamweka mapajani mwa marehemu bila salamu ndefu, akaenda kufungua soketi ya ukutani ambayo haikuwa na kasoro yoyote, akaitengeneza saa nzima, na fundi wa mizani alipomwona akatikisa kichwa, akasema, "Ufundi huo naujua, nilimfanyia mama huyu mwaka sabini na tatu." Marehemu alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo saa aliyoweza kulia, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala na yeye hakuwa na mkono wa kujifunikia uso.

Siku ya tano asubuhi mlango uligongwa, na sauti ya fundi cherehani ikaita uwanja mzima usikie, "Duka la Dawa, fungua!" Aliingia na kadi ya kliniki ya mwaka 1976, ya manjano, imekatika mkunjo na kushonwa kwa uzi mweupe, akaitandaza mezani.

"Miaka ishirini umebeba gunia peke yako, na mimi nipo nyuma ya ukuta?"

"Ningekuambia nini, shoga? Nimemnywesha mwanao sumu?"

"Ungeniambia hivyo hivyo. Ningekutukana, tungelia, tungepika. Sasa umeninyima usingizi siku nne, na mimi ni mzee." Akaweka kidole juu ya ule mstari ambao manesi huuchora kwa kalamu kufuata uzito wa mtoto. "Kusoma maabara sijui, ila mstari naujua, nimekata mistari maisha yangu yote. Hapa anashuka. Hapa anashuka. Hapa, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, nilikuwa nimeshakata kitambaa cheupe cha kumzikia, kipo chini ya cherehani, kimekunjwa. Siku hiyo ndiyo uliyobisha hodi. Tazama unavyopanda."

Marehemu akauliza kitambaa kilikwenda wapi, na jirani yake akamjibu, "Nilikishona gauni la Nusu la kutimiza mwaka. Ulilisifia wewe mwenyewe, ukasema mshono wa kiuno umekaa vizuri."

Familia haisemi kwamba unga ule haukuwa sumu. Ulikuwa sumu, ilifaa ukatazwe, na ulichelewa kukatazwa. Majibu ya Nusu yalitoka Juni 2005, nayo yalionyesha kwamba kilichokuwa ndani ya maziwa yake hakikufika hata sehemu ya kumi ya kile kilichokuwa ndani ya namba 31, na mtafiti akamwambia maneno yale yale, aendelee kunyonyesha, asiache. Marehemu aliomba karatasi hiyo aishike, akaisoma mara mbili, akasema, "Inapungua," na kuanzia siku hiyo aliitika tena kwa jina la Duka la Dawa, akitazama juu.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2007, na mume wake alifariki tarehe 6 Mei 2011. Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2021, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na alipomuuliza daktari kama ni ule unga, daktari alijibu kwamba hakuna anayeweza kusema ndiyo wala hapana, jibu ambalo alilipenda, akasema huyu hapunji mizani. Alilazwa tarehe 2 Novemba 2023. Nesi wa zamu akamuuliza ana watoto wangapi, na yeye ambaye fomu zote za nyuma alijibu watatu, akainua vidole vinne. Nesi akamuuliza Nusu, aliyekuwa amesimama hapo na beseni, "Wewe ni mtoto wake wa kumzaa?" Nusu akajibu, "Wa ziwa." Nesi akatafuta pa kuandika, hapakuwa na nafasi hiyo, akaandika mtoto. Marehemu alifariki tarehe 19 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miezi saba na siku nane, mkono wake wa kulia ukiwa wazi ndani ya mkono wa Nusu.

Familia inawashukuru daktari wa moyo na manesi wa wodi ya wanawake waliomgeuza na kumfuta jasho bila kunung'unika, wafanyakazi wenzake wa ghala waliobeba jeneza, majirani wa uwanja walioacha milango yao wazi kwa ajili ya wageni wetu, na yeyote ambaye macho yake yalipona kwa tone lake, kwa dawa yoyote ile iliyokuwamo.

Marehemu ameacha watoto wanne, watatu wa tumbo na mmoja wa ziwa, na ndivyo alivyoagiza ihesabiwe. Kati ya waliotajwa katika habari hii, dada mkubwa alifariki mwaka 2003, na Mama Vichupa, ambaye marehemu alimtafuta ili amweleze alichosikia siku ile na wacheke pamoja, iligundulika kwamba alifariki mwaka 1999. Walio hai ni Kifungua, miaka arobaini na saba, mwenye afya njema na bado mkali wa mali yake. Ni wadogo zake wawili. Ni Nusu, miaka arobaini na saba, aliyefunga nyaya za kipaza sauti hiki mnachosikia. Ni binti wa Nusu, anayetimiza miaka kumi na tisa mwezi ujao. Na ni fundi cherehani, miaka sabini na tisa, aliyeketi kiti cha mbele, ambaye juzi alikataa msaada wa mtu yeyote akashona peke yake nguo nyeupe aliyovaa marehemu.

Pumzika, Shazia, tua gunia lako, mshono umekaa vizuri.